Kinywa na Kidole: Imani Inayotamkwa Katika Delta ya Rufiji

Abiria wa Mafia akishuka Nyamisati hukuta kazi moja inamsubiri: kungoja maji. Barabara inayochepuka Bungu imemfikisha mwisho wa nchi kavu, mbele yake mkondo umejipenyeza katikati ya mikoko, na vyombo hapa hufuata maji kujaa na kupwa kuliko vinavyofuata saa ya mtu. Kilindoni iko ng'ambo, na bahari iliyopo katikati inatosha kumfanya yeyote amkumbuke Mungu. Wengi wanaongoja ni Waislamu, maana delta ya Rufiji ni nchi ya Uislamu tangu enzi, na midomo yao hutikisika taratibu kwa Fatiha. Wakristo hapa ni wachache: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara, wavuvi wa kuja. Nao hufumba macho. Lakini ukitega sikio utagundua kwamba hawasemi na Mungu kwa namna moja. Mmoja atasema, "Bwana, tunaomba tufike salama." Mwenzake aliye hatua mbili kutoka hapo atasema, "Tumekwisha kufika, kwa jina la Yesu!"

Wa kwanza ameomba, wa pili ametamka, na sarufi yetu inawatenganisha vizuri kabisa. Anayeomba hutumia kitenzi kinachoishia na -e: tufike, nipone, apate. Kitenzi cha namna hiyo kinaacha mlango wazi, kinajua kuna mwingine mwenye uamuzi. Anayetamka hutumia -me-, yaani hali ya jambo lililokwisha kutimia: tumefika, nimepona, nimepokea. Katika makanisa mengi ya Tanzania, kuanzia Dar es Salaam hadi kwenye vibanda vya mabati vya huku wilayani Kibiti, -me- imeipiku -e. Mhubiri husema "pokea", watu hujibu "nimepokea". Mgonjwa huambiwa asikiri ugonjwa. Asiye na kitu huambiwa ajinenee mema. "Nakataa!" imekuwa sala kamili.

Je, neno la imani lina nguvu gani hasa, linafanya kazi juu ya nini, na linakoma wapi? Naliuliza swali hili nikiwa na Nyamisati mbele yangu kwa sababu mbili. Kijiji hiki ni miongoni mwa mahali ambapo homa ya mtoto wa Kiafrika imechunguzwa kwa makini na kwa miaka mingi. Na humu humu Rufiji ndimo neno moja lililotamkwa na mganga wa kijijini liliinua sehemu kubwa ya kusini ya nchi. Imani na homa, neno na risasi: yote yamepita hapa.

Kwanza niwatendee haki wanaotamka, kwa sababu mara nyingi husemwa vibaya na watu ambao hawajafungua Biblia. Fundisho lao halikutoka hewani. Paulo, katika Warumi 10, ameweka kinywa na moyo pamoja: moyo huamini, kinywa hukiri, na wokovu hauelezwi bila vyote viwili. Mithali 18 inaweka mauti na uzima katika ulimi. Katika Marko 11 Yesu anazungumza juu ya mtu anayeuambia mlima ung'oke, na haonekani kutania. Kitabu cha Mwanzo kinaanza na Mungu anayesema, na vitu vinakuwa. Kwa Kiebrania neno moja, dabar, hubeba maana mbili ambazo sisi tumezigawa, "neno" na "jambo". Imani ya Kikristo ni imani ya kusikika. Mtu habatizwi kwa kunyamaza. Huulizwa, naye hujibu "naamini" mbele ya mashahidi. Ungamo lililoanzia Nikea mwaka 325 limedumu zaidi ya miaka 1,700 kwa sababu kila kizazi kimesimama kulisema kwa sauti.

Tena sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa na mtu kwamba kauli huumba. Msemo huo tuliunyonya. Mwanamke na mwanamume huwa mke na mume kwa maneno, na kwa neno la talaka nyumba huvunjika hata kama ukuta haujapata ufa. Jirani Mwislamu huingia katika dini yake kwa kuitamka shahada. Maandiko ya kombe huandikwa, huoshwa kwa maji, na mgonjwa huyanywa: neno limekuwa kinywaji. Radhi ya mzazi na laana ya mzazi ni maneno tu, lakini nani atathubutu kuyaita "tu"? Mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, katika kitabu kilichotoka mwaka 1962, alieleza kwamba yapo maneno ambayo kuyasema ndiko kutenda: kuapa, kuahidi, kukipa chombo jina. Bibi yeyote wa Mbwera, humu deltani, angemsikiliza na kushangaa kwamba hilo lilihitaji kitabu.

Kwa hiyo fundisho la kutamka lilipofika nchini lilikuta nyumba imekwisha kufagiliwa. Asili yake ya karibu ni Marekani. E. W. Kenyon, aliyefariki mwaka 1948, aliandika kwamba Mkristo hupokea kile anachokikiri. Kenneth Hagin akalichukua wazo hilo, akalihubiri kwa makumi ya miaka, na mwaka 1974 akafungua chuo chake cha Rhema huko Oklahoma. Kutoka huko likasafiri kwa vitabu vidogo na kanda za kaseti, likaingia katika mikutano ya injili ya viwanjani, na utangazaji wa binafsi uliporuhusiwa Tanzania mwaka 1993 likapata redio, kisha televisheni, na leo simu ya mkononi. Mvuvi aliye dagoni katikati ya mikoko anaweza kumsikia mhubiri wa Dar es Salaam akimwambia atamke.

Lakini safari hiyo ilikuwa na upungufu wake. Kauli huumba ya wazee ilikuwa na masharti. Radhi haitolewi na mtu yeyote kwa mtu yeyote, ina mwenyewe. Kiapo kina mashahidi na kinamfunga aliyekula. Neno lilikuwa na nguvu kwa sababu lilikuwa limefungwa katika uhusiano: mzazi na mwana, mke na mume, mja na Mola wake. Utamkaji wa kisasa umelichukua neno ukalichomoa humo, ukalifanya kama ufunguo anaoweza kuushika yeyote na kufungulia chochote. Hapo ndipo pananitia hofu, na Rufiji ina kumbukumbu inayoielezea hofu hiyo kuliko mahubiri yoyote.

Ngarambe iko upande wa kusini wa Rufiji. Huko, mwaka 1904, mganga Kinjeketile Ngwale alipagawa na pepo Hongo, akaingia katika dimbwi la mto, na kwa masimulizi ya wazee akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Dawa aliyowapa watu ilikuwa maji, yaliyochanganywa na mtama na mbarika, pamoja na neno: risasi za Wajerumani zitageuka maji. Watu waliochoka na kulimishwa pamba kwa kiboko waliipokea. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na moto wa vita vya Maji Maji ukawaka. Kinjeketile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Neno lake halikunyongwa naye. Lilikwenda hadi kwa Wangindo, Wambunga, Wapogoro na Wangoni. Vita vilipokwisha mwaka 1907, vita na hasa njaa iliyofuata vilikuwa vimeua watu ambao makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanawafikisha 300,000.

Ebrahim Hussein alilitazama jambo hili katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, na swali alilomwachia msomaji ni lile lile linalopaswa kuulizwa madhabahuni: mtu hufanya nini na neno alilolizaa linapokua kumzidi? Mimi sitaki kumdharau Kinjeketile. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyeweza kuwafanya watu wa makabila mengi hivyo wasimame kama ndugu. Neno lake lilikuwa na nguvu kweli, na nguvu ile ilifanya kazi mahali panapofaa: ndani ya watu. Liliwaondolea woga, likawapa jina moja. Lilipofika kwenye risasi likakoma, kwa sababu risasi haina masikio. Neno ni la wenye kusikia. Mungu husikia, mwanadamu husikia, na Maandiko yanadai kwamba hata upepo ulimsikia Yesu, lakini ulimsikia yeye.

Kuna jambo jingine katika vita vya Maji Maji ambalo linafanana mno na yanayotokea makanisani. Mpiganaji aliyeanguka kwa risasi ilisemekana amevunja miiko: labda amelala na mwanamke, labda amepora. Dawa haikushindwa, aliyeshindwa ni yeye. Leo mgonjwa aliyetamka "nimepona" akafa, ndugu zake huambiwa palikuwa na shaka mahali fulani, kinywa kimoja kilikiri vibaya. Fundisho ambalo haliwezi kushindwa kamwe huwa limetafuta mtu wa kulibebea lawama, na mtu huyo kwa kawaida ni yule aliyekwisha kuumia.

Sasa turudi Nyamisati, kwenye homa. Mwaka 1992 daktari Mswidi Ingegerd Rooth aliwasilisha katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, tasnifu juu ya malaria katika kijiji kimoja cha Tanzania. Yeye na wenzake waliifuatilia malaria ya Nyamisati kwa miaka mingi, nyumba kwa nyumba, homa kwa homa, na waliyoyaona yaliwafundisha unyenyekevu hata wataalamu. Watoto wengi walikuwa na vimelea vya malaria katika damu bila homa yoyote. Walicheza, walikula, walikimbilia gatini kutazama mashua. Tena uchunguzi wa watoto wa namna hii, damu ikichukuliwa siku baada ya siku, ulionyesha kwamba vimelea wa aina fulani huonekana leo, kesho wakapotea, kesho kutwa wakarudi, kwa sababu hujificha ndani ya mishipa kwa zamu wanapokomaa.

Fikiria maana yake kwa ushuhuda wa Jumapili. Mama amemleta mtoto mwenye homa, kanisa limekemea, homa imeshuka. Mama anasimama, "Bwana asifiwe! Mwanangu amepona!" Kanisa linashangilia, na siwezi kumlaumu mtu kwa shangwe hiyo. Lakini homa ya malaria hupanda na kushuka kwa tabia yake yenyewe. Kushuka kwa homa si kupona, na kutokuonekana kwa vimelea leo si kutokuwepo kwao. Kama mama huyo ameambiwa kwamba kumpeleka mtoto akachomwe kidole apimwe malaria ni kukana alichokitamka, basi kinywa chake kimegeuzwa kuwa adui wa kidole cha mwanawe. Na malaria kali kwa mtoto mdogo haichukui wiki. Kati ya asubuhi na usiku inaweza kufika kwenye degedege na kifo. Wazee wa pwani walisema degedege huletwa na dege, ndege wa kishetani anayempitia mtoto, na kwa miaka mingi mtoto aliyeanza kustuka alipelekwa kwa mganga kwanza na kituo cha afya baadaye, au asifikishwe kabisa. Ingekuwa msiba mkubwa kama kanisa, lililojitokeza kusema kwamba dege hana mamlaka, lingekuja kuchelewesha safari ile ile kwa jina tukufu zaidi.

Malaria ilipungua sana katika ukanda huu. Ilipungua kwa vyandarua vyenye dawa, na kwa dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006 baada ya dawa zilizotangulia kushindwa. Naamini Mungu alikuwa katika vyandarua hivyo. Naamini hivyo bila kusita, na sioni kwa nini muujiza uliofumwa kiwandani uwe mdogo kuliko uliotamkwa kwa kipaza sauti.

Mtu atasema: basi tupime, tuone kama maombi yanafanya kazi. Yalipimwa. Mwaka 2006 Herbert Benson na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Walioombewa bila kuwa na hakika kwamba wanaombewa hawakutofautiana na wasioombewa. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi baada ya upasuaji: asilimia 59 dhidi ya 52. Sisemi kwamba hilo limemaliza habari ya sala. Mungu si kwinini, hapimwi kwa kipimo cha matone. Linanifundisha kitu kidogo zaidi: pengine mgonjwa aliyejua kwamba watu wamemtamkia uzima alilala pale akiwa na deni la kupona. Wengi wetu tumewahi kulibeba deni hilo kitandani, tukitabasamu kwa wageni ili imani yao isiyumbe.

Mzigo huo ungepungua kama tungelirudisha neno lenyewe nyumbani kwake. Kukiri, katika Kiswahili cha kila siku, ni nini? Mshtakiwa hukiri kosa. Mdaiwa hukiri deni. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, ambako lina harufu ya baraza la kadhi: kulikubali lililo kweli mbele ya mwenye haki ya kulisikia. Kigiriki cha Paulo kinasema hivyo hivyo, kwani homologein ni kusema lile lile alilosema mwingine. Katika lugha zote hizi, anayekiri hasababishi jambo liwe. Anaungana na jambo lililopo. Mungu amesema kwanza, mwanadamu anaitikia. Kwa hiyo kukiri kwamba Yesu ni Bwana na kukiri kwamba mtoto ana joto kali ni kitendo kimoja cha mdomo mmoja, na kimojawapo hakiwezi kumchukiza yule anayependa kweli.

Afrika Mashariki imewahi kulijua hili kwa namna ya ajabu. Uamsho ulioanzia Uganda na Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaenea hadi Bukoba, ulikuwa uamsho wa vinywa. Balokole, yaani waliookoka, walisimama na kusema. Lakini tazama walichosema: nilimwibia mwajiri wangu, nilimchukia ndugu yangu, nimerudisha baiskeli isiyokuwa yangu. Simeoni Nsibambi wa Kampala na daktari Joe Church walizungumza juu ya dhambi pamoja, mweusi na mweupe, katika nchi iliyotawaliwa na wenye rangi ya mmoja wao. Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri aliyekuja kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alilelewa katika hewa hiyo. Kutamka kwao kuliwagharimu. Vitu vilirudishwa, maadui walisalimiana. Uamsho ule ulikuwa na kasoro zake, ukiwemo ukali kwa waliotaka kuamini kimya kimya. Hata hivyo ushuhuda uliokuwa ukianza na "mimi ni mwenye dhambi" na ushuhuda unaoanza na "mimi ni tajiri kwa jina la Yesu" hautoki katika chemchemi moja, ijapokuwa shuhuda zote mbili husemwa kwa machozi na kuitikiwa kwa Amina.

Yakobo, mtu mkali kuliko wote juu ya ulimi, analieleza jambo hili kwa mfano wa ndugu asiye na nguo wala chakula anayeambiwa aende kwa amani, akaote moto, akashibe. Huo ni utamkaji halisi: maneno mazuri yenye matumaini, yaliyosemwa kwa mtu anayetetemeka. Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalipozizamisha nyumba na mashamba ya Mohoro na vijiji vya Kibiti, mpunga ulioozea majini haukuhitaji kutabiriwa mavuno. Palihitajika unga, maturubai, mbegu, na mtu wa kukaa na wenye nyumba usiku.

Mwaka mmoja nao ulitufunza nchi nzima. Mwanzoni mwa 2011, magari yalipanga foleni ya kilomita kadhaa kuelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Mzee yule hakujitajirisha, na wengi walimpenda kwa hilo. Lakini katika waliorudi wakisema "nimepona" walikuwemo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na -me- yao ikawaponza.

Ninachokitaka si kanisa la kunong'ona. Salamu zetu wenyewe zimetuwekea mfano mzuri. Ukiuliza "hujambo?" mtu wa Rufiji atajibu "sijambo" hata kama anaumwa, ukiuliza habari atasema "nzuri", kisha atashusha pumzi na kuongeza, "ila mtoto ana homa tangu juzi." Hakusema uongo katika neno la kwanza. Ameanza na wema wa Mungu, maana yu hai na amekuona, halafu amekupa ukweli wote. Utamkaji wa siku hizi unataka kulifuta hilo "ila". Zaburi zimejaa "ila". Ayubu alisema ya kwake sura baada ya sura, na mwishoni Mungu aliwakaripia rafiki zake waliokuwa na maneno safi, sio yeye. Vijana watatu mbele ya tanuru la Babeli walitamka mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Sehemu ya pili, katika madarasa mengi ya imani, ingehesabiwa kuwa kukiri kushindwa.

Na yuko yule baba wa Marko 9. Mwanawe hustuka, hutoka povu, huanguka motoni na majini; mama wa Nyamisati angeyatambua maelezo hayo mara moja. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kumkemea pepo wakashindwa. Alipoambiwa yote yawezekana kwake aaminiye, baba yule alilia akasema kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Nusu ya sentensi ni imani, nusu ni upungufu wake, yote kwa sauti, mbele ya umati. Yesu hakumrudisha akaisahihishe. Mtoto alianguka akawa kama maiti, watu wakasema amekufa, na Yesu akamshika mkono akamwinua.

Nimeona maneno mengi ya imani yaliyoandikwa nyuma ya mabasi, kwenye bodaboda na ubavuni mwa mashua. Sentensi ya baba yule sijaiona bado.